Kupangisha nyumba Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye nyumba wapya

Nilianza na vyumba vitatu Nkuhungu mwaka 2014, kabla ya wizara kuhamia. Leo ninavyo kumi na kimoja, vingine viko upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Maswali yaliyo hapa nimeulizwa msibani, kwa fundi, kwenye foleni ya benki, na sana sana kwa simu usiku. Nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu.

## Kabla hujajenga au kununua

1. Kupangisha Dodoma kunalipa kweli, au ulikuwa upepo wa Serikali kuhamia?

Upepo ulikuwapo. Uamuzi wa kufanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya tangazo la Julai 2016, na kwa miaka michache hata stoo ilipata mpangaji. Siku hizo zimepita. Vyumba ni vingi, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) wamejenga Iyumbu, Watumishi Housing wamejenga Njedengwa, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 nina wapangaji wawili ambao familia zao zimebaki Dar. Wao wanataka chumba tu, si nyumba.

Kunalipa, ila piga hesabu kama mtu mzima. Tuseme umejenga masta nne, yaani vyumba vyenye choo ndani, kwa milioni 48, na kila moja unaipangisha 100,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 4,800,000 kwa mwaka, hela inarudi kwa miaka kumi. Sasa toa mwezi mmoja na nusu wa kila chumba kukaa kitupu, 600,000. Toa kodi ya zuio ya Serikali (iko swali la 17), asilimia 10 ya kilichobaki, 420,000. Toa 400,000 ya bomba, rangi, kitasa na kunyonya choo. Unabaki na 3,380,000, na ile miaka kumi imekuwa kumi na minne. Kama hesabu hiyo bado inakupendeza, endelea na swali la 2.

2. Nijenge wapi: upande wa chuo, Mtumba au mjini?

Uliza kwanza nani atalala humo, na ataondoka lini. Kila upande wa Dodoma una kalenda yake.

Upande wa UDOM, kama Ng'hong'honha na Iyumbu, mpangaji wako ni mwanafunzi. Anakuja chuo kikifunguliwa mwishoni mwa mwaka, na likizo ndefu ikifika anataka asilipe. Ukipanga bei kwa miezi kumi na miwili, utalia kwa miezi miwili au mitatu. Wazoefu wa kule wanahesabu mwaka wa miezi tisa au kumi na kuweka bei kulingana na hiyo.

Ihumwa, Nzuguni na njia yote ya kuelekea Mji wa Serikali Mtumba, mpangaji ni mtumishi. Analipa vizuri lakini uhamisho ukija hana la kufanya. Uhamisho mwingi ninaousikia unafuata mwaka wa fedha unaoanza Julai, na wenye watoto husubiri shule zifunge Desemba. Kwa hiyo jiandae chumba kuwa wazi Julai au Januari.

Mjini na pembezoni mwake, kama Majengo, Makole, Chang'ombe na Nkuhungu, wapangaji ni wafanyabiashara, mafundi na vijana wa kazi za kila siku. Chumba hakikai kitupu muda mrefu, ila kodi inakuja kwa vipande. Mimi nimechagua huku kwa sababu naishi karibu na nimezoea kufuatilia. Asiye na moyo wa kufuatilia aende kwa watumishi.

3. Nijenge chumba kimoja kimoja, chumba na sebule, au nyumba nzima?

Nyumba nzima ina mpangaji mmoja wa kugombana naye, na akiondoka umepoteza kodi yote kwa mpigo. Vyumba vina wapangaji wengi, vurugu nyingi, lakini mfuko haukauki siku moja. Kati ya hivyo, chumba na sebule vyenye choo ndani ndivyo naona vinachukuliwa haraka zaidi sasa. Vyumba vya choo cha kuchangia uani bado vina watu wake kwa sababu ya bei, ila ugomvi wa nani afagie choo utakuzeesha.

4. Nitajuaje kiwanja au nyumba ninayonunua haina mgogoro?

Dodoma ina historia yake kwenye hili. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilisimamiwa na CDA, mamlaka ya kuendeleza makao makuu, iliyovunjwa Mei 2017, na shughuli zake zikaenda halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33, na agizo lililotoka wakati wa kuvunjwa lilikuwa zibadilishwe ziwe za miaka 99. Ukiletewa hati ya zamani, usiikatae, lakini uliza imefikia wapi katika kubadilishwa na miaka mingapi imebaki.

Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla ya kufanya mambo matatu. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi ili uone jina lililosajiliwa na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Nenda ofisi ya Jiji uangalie ramani, kwa sababu kiwanja kimoja kuuziwa watu wawili si hadithi hapa kwetu. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote nne. Majirani wanajua yasiyoandikwa: mirathi haijaisha, kaka mkubwa yuko Mpwapwa na hajasaini. Hakikisha na bikoni, yale mawe ya mipaka, ziko pale ramani inaposema.

Mashamba ya zamani ya zabibu yanayokatwa viwanja vya bei nafuu yanavutia. Uliza kama yamepimwa. Kama hayajapimwa, barabara ya mipango miji inaweza kupita sebuleni kwako.

5. Kwenye ujenzi, nibane wapi na nisibane wapi?

Bana kwenye urembo. Jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi haiongezi kodi kama unavyofikiri.

Usibane kwenye msingi. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta unapasuka nao. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa, tetemeko dogo tunalisikia mara kwa mara. Ita mtu anayejua udongo kabla ya kuchimba, na weka nondo anazosema, si anazosema fundi wako anayetaka kukufurahisha.

Usibane kwenye dawa ya mchwa. Mchwa wa Dodoma anakula fremu ya mlango huku umelala. Nilipuuza kwenye vyumba vyangu vya kwanza; ndani ya miaka mitatu nilibadilisha milango miwili na kipande cha kenchi.

Na usibane kwenye tenki la maji. Hilo lina swali lake, la 13.

Kibali cha ujenzi kinatoka Jiji. Kama kiwanja chako ni cha makazi na unataka fremu za biashara au hosteli, omba kubadilisha matumizi kwanza, kabla hujamwaga zege.

## Bei na namna ya kulipwa

6. Nipange bei gani?

Tembea mtaa wako kama mpangaji. Uliza bei za vyumba vitano vinavyofanana na chako, kisha uliza vina muda gani vikiwa wazi. Hilo la pili ndilo watu hawaulizi. Chumba kinachotangazwa 150,000 tangu Pasaka bei yake si 150,000.

Hakuna bei elekezi. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei ni makubaliano yenu. Lakini kupandisha katikati ya mkataba huwezi. Subiri muda uishe na mpe mpangaji taarifa mapema. Mimi natoa miezi mitatu. Mpangaji mzuri wa miaka minne simpandishii kila mwaka, kwa sababu mwezi mmoja wa chumba kitupu unakula nyongeza ya mwaka mzima.

7. Niombe kodi ya miezi mingapi?

Desturi ni mitatu au sita, na wengine wanang'ang'ania mwaka. Jua unachobadilishana. Miezi sita inakupa hela ya kupiga bati, lakini inafukuza watu wazuri wanaolipwa mshahara kila mwezi. Halafu mwenye nyumba mgeni akipokea milioni moja na laki mbili kwa mkupuo anazila Januari, na Machi bomba likipasuka anakopa.

Kwa mtumishi mpya naomba mitatu ya kwanza, baada ya hapo alipe kila mwezi akitaka. Sijawahi kujuta. Ukiwa na mkopo wa kurejesha kila mwezi, malipo ya kila mwezi yanakufaa zaidi.

8. Nichukue pesa ya dhamana ya uharibifu?

Kwenye vyumba vya kawaida si desturi na utapoteza wateja. Kwenye nyumba yenye samani, chukua ya mwezi mmoja, iandike kwenye mkataba pamoja na siku ya kuirudisha, na piga picha kila chumba siku ya kukabidhi funguo. Hiyo hela si yako. Usiijengee.

9. Mpangaji wangu ni shirika la kigeni, naweza kutoza dola?

Hapana. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Andika shilingi. Ukiogopa shilingi kushuka, weka mkataba mfupi wenye kipengele cha kujadili bei upya.

## Mpangaji na mkataba

10. Nitumie dalali au nitafute mwenyewe?

Dalali anajua watu, na kwa kawaida anayemlipa ni mpangaji, mwezi mmoja wa kodi. Ubaya wake ni kwamba akishalipwa kazi yake imeisha; mpangaji akiwa mkorofi utabaki naye wewe. Tena wapo wanaowaambia wateja bei isiyo yako na kubaki na tofauti. Mwambie dalali bei mbele ya mpangaji. Na usimwachie funguo. Nimewahi kufika chumbani kwangu "kitupu" nikakuta godoro na jiko la gesi.

Bango la karatasi getini na neno kwa wapangaji ulionao vinaleta watu wazuri kuliko unavyodhani. Mpangaji mzuri huleta mwenzake, kwa sababu naye hataki jirani wa ovyo.

11. Kabla ya kumkabidhi mtu funguo nimuulize nini?

Namba ya NIDA na nakala yake, kazi anayofanya na mahali, simu ya ndugu wa karibu, na alikokuwa anakaa kabla. Piga simu kwa mwenye nyumba wake wa mwisho. Yule wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe, kwa hiyo kama inawezekana mtafute na wa kabla ya huyo. Halafu mwambie akajitambulishe ofisi ya mtaa. Asiyetaka kujitambulisha kwa mwenyekiti amekupa jibu.

Usiulize kabila wala dini. Kwanza si haki, pili havijawahi kunilipia kodi.

12. Mkataba uwe na nini? Tukiandikiana kwenye daftari inatosha?

Daftari ni bora kuliko maneno, lakini andika mkataba. Majina kamili ya pande zote na namba za vitambulisho. Chumba kipi hasa. Kodi kiasi gani, inalipwa lini na kwa njia gani. Muda unaanza na kuisha lini. Notisi ya siku ngapi kila upande. Nani analipa umeme, maji, takataka, ulinzi. Watu wangapi wanaruhusiwa kulala humo. Kama anaruhusiwa kupangisha mtu mwingine. Hali ya chumba siku anaingia. Mashahidi wawili, saini kila ukurasa, nakala mbili.

Bila muda ulioandikwa, sheria ya ardhi ya 1999 itauchukulia upangaji wenu kuwa wa kipindi kwa kipindi kufuatana na mnavyolipana. Anayelipa kila mwezi atakuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi isipungue kipindi hicho. Hilo linawashangaza wengi wanaoamini kwamba bila karatasi mpangaji hana haki yoyote. Anazo.

Kwa fremu za biashara au nyumba ya mamilioni, mlipe wakili aandike. Na risiti toa kila mara, hata kwa shangazi yako. Ujumbe wa pesa ya simu ni ushahidi, usiufute.

Ndiyo, hata kwa shangazi. Swali la kumpangisha ndugu linakuja sana na jibu langu ni fupi: kama huwezi kumwandikia mkataba, mpe chumba bure na uache kuhesabu.

## Maji, umeme na matengenezo

13. Wapangaji wananipigia kila siku kuhusu maji. Nifanye nini?

Hapa ndipo Dodoma inapokutofautisha na mwenye nyumba wa Dar au Moshi. Mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili na si nyingi, maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na mji umekua kuliko mabomba. Mgao upo. Mpangaji anayehama kwangu kwa hasira karibu kila mara anahama kwa sababu ya maji, si bei.

Weka tenki la akiba kulingana na siku za mgao wa mtaa wako. Waulize majirani maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, zidisha idadi ya watu kwa lita zisizopungua 50 kwa siku, kisha zidisha kwa siku za ukame wa bomba. Watu kumi na wawili, siku nne: lita 2,400. Nunua tenki la 3,000, liinue juu ya mnara wa zege imara, si wa mbao, ukikumbuka mchwa wa swali la 5. Siku maji yakikata kabisa, boza litaletwa. Andika kwenye mkataba nani analilipia. Kwangu tunagawana nusu kwa nusu na kelele zimeisha.

Ukichimba kisima, pima chumvi kabla ya kufurahi. Visima vingi hapa maji yake ni ya chumvi. Yanaua hita ya bafuni, yanaziba mabomba, na ukuta uliojengewa nayo unatoa unga mweupe na kubanduka rangi.

14. LUKU moja kwa wapangaji wote, au kila mtu yake?

Kila mtu yake. Gharama ya kufungua mita inauma siku moja. Ugomvi wa "nani ana pasi, nani ana friji" unauma kila wiki.

Kuna na sababu ya bei. Kuna kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya VAT na tozo. Kundi la kawaida ni 292. Familia tano kwenye mita moja haziwezi kukaa chini ya uniti 75, hata zikilala gizani. Kama huna uwezo wa mita tano kwa sasa, funga mita ndogo za kusomea ndani kwa kila chumba, na kila mtu achangie alichotumia. Kugawa sawa kwa sawa kunamwonea mwenye balbu moja.

15. Kitu kikiharibika nani anatengeneza?

Paa, ukuta, msingi, nyaya za ndani ya ukuta, mfumo wa majitaka: ni vyako. Balbu, kitasa alichovunja, sinki aliloziba kwa mabaki ya ugali: ni vyake. Katikati kuna eneo la kijivu, na hapo busara ni kutengeneza haraka halafu mbishane. Bomba linalovuja wiki tatu huku mnasubiriana linakula msingi wa nani?

Weka namba za fundi bomba na fundi umeme unaowaamini getini. Na tenga sehemu ya kodi kila mwezi kwa ajili hii. Mimi natenga shilingi moja katika kila kumi.

16. Naweza kuingia chumbani kwa mpangaji kukagua?

Kwa taarifa na kwa saa za kistaarabu, ndiyo. Kwa ufunguo wako wa akiba akiwa kazini, hapana. Amelipia utulivu wake. Isipokuwa moto au maji yanamwagika, na hapo ingia na shahidi.

## Kodi za Serikali

17. Nimechanganyikiwa: kodi ya nyumba, kodi ya ardhi, kodi ya majengo, kodi ya pango. Ni zipi hasa?

Kiswahili kimetuponza hapa, neno kodi linabeba mzigo wa watu wanne. Nitalitenganisha.

Kodi ya nyumba ni ile mpangaji anakulipa wewe. Kodi ya pango la ardhi ni ya kila mwaka, unailipa Serikalini kwa sababu ardhi ni ya umma na wewe ni mmiliki wa hati tu. Unachukua kumbukumbu namba na kulipa, na ukiacha inajikusanyia adhabu. Kodi ya majengo ni ile inayokatwa kwenye LUKU: tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ya nne ni kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10 ya kodi unayopokea, inakwenda TRA. Juu yake kuna ushuru wa stempu kwenye mkataba, asilimia 1 ya kodi ya mwaka.

Mpangaji wako akiwa kampuni, ofisi au taasisi, atakata hiyo 10 mwenyewe na kuipeleka. Mdai cheti cha kodi ya zuio kila mara. Ofisi moja niliyoipangishia ilinikata mwaka mzima na cheti nilikuja kukipata baada ya safari tano. Bila hicho cheti ningelipa mara ya pili. Mpangaji wako akiwa mtu wa kawaida, chukua TIN na mkataba wako uende TRA mwenyewe, wakukadirie mapema kabla madeni hayajalundikana.

18. Mpangaji anasema nimrudishie hela ya kodi ya majengo aliyokatwa kwenye LUKU. Ana haki?

Anayo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, LUKU ni mlango wa kukusanyia tu. Njia rahisi ni kumpunguzia kwenye kodi ya nyumba, 18,000 kwa mwaka, au kuandika wazi kwenye mkataba kwamba bei mliyokubaliana imeshaizingatia. Kama ulifuata ushauri wa swali la 14 na nyumba moja ina mita tano, hutakiwi kulipa mara tano. Peleka taarifa kwa wanaokusanya kodi hiyo na mita zile nyingine ziondolewe.

## Mambo yakiharibika

19. Mpangaji halipi. Nibadilishe kitasa? Nitoe bati?

Usitoe bati, usikate umeme, usitupe godoro nje. Najua hasira yake. Lakini ukifanya hivyo wewe ndiye utakuwa mshtakiwa, na deni lake litasahaulika.

Zungumza naye kwanza, maana mara nyingi kuna ugonjwa au mshahara umechelewa, na mpango wa kulipa kidogo kidogo ulioandikwa unaokoa pande zote. Akivunja mpango, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe, kiasi anachodaiwa na siku alizopewa, asaini kupokea. Akikataa, mpe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Baada ya hapo nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu; usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko inakotoka amri ya kumwondoa, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama, ambaye si yule dalali wa swali la 10.

Inachukua muda. Ndiyo maana maswali ya 11 na 12 ni marefu.

20. Mpangaji ametoweka na vitu vyake vimo ndani. Je, akifariki?

Kwa aliyetoweka: piga simu za ndugu ulizochukua, toa taarifa ofisi ya mtaa na polisi, fungua chumba mbele ya mwenyekiti na mashahidi, orodhesha kila kitu hadi sufuria, wasaini. Hifadhi vitu. Usiuze ili kujilipa deni bila amri.

Kwa marehemu utaratibu ni huohuo, ila vitu usimkabidhi ndugu wa kwanza kufika na gari. Subiri msimamizi wa mirathi, au angalau barua ya ukoo iliyopita serikali ya mtaa. Nimeona mjane akikuta chumba kimefagiliwa siku ya tatu.

21. Nataka kuuza nyumba ikiwa na wapangaji. Au mke wangu hataki tuipangishe nyumba yetu.

Ukiuza, mnunuzi anarithi na mikataba iliyopo hadi iishe. Mwonyeshe kabla ya bei.

La pili ni zito zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lako peke yako. Kwa hiyo mke wako akikataa, hujapata mpangaji. Na wewe unayekodi nyumba kubwa ya mtu ili uigawe vyumba, uliza saini ya pili.

22. Wakati wa Bunge naweza kupangisha kwa wiki au mwezi kwa bei ya juu?

Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na mikutano mingine ni mifupi. Wanaokuja, wakiwamo madereva, wasaidizi na wageni wa wizara, wanataka godoro zuri, maji ya uhakika na geti linalofungika. Inalipa kama nyumba iko Area C, Area D, Ilazo au Kisasa na tayari ina samani. Kumwondoa mpangaji wa mwaka ili kufukuzia miezi mitatu ni kujidanganya. Julai utakuwa na makochi na hakuna mtu.

Ukiifanya kuwa biashara ya kulaza wageni ya kudumu, unahitaji leseni kama nyumba nyingine za wageni, na lile suala la matumizi ya kiwanja kwenye swali la 5 linarudi.

23. Naishi Mwanza, au nje ya nchi. Naweza kupangisha nyumba yangu ya Dodoma bila kuwepo?

Unaweza, kwa mtu mmoja mwenye hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, ikieleza anachoruhusiwa: kusaini mikataba, kupokea notisi, kwenda barazani. Kupokea kodi kuwe kwenye akaunti yako, si yake. Yeye mlipe asilimia mliyokubaliana, kila mwezi, bila kumchelewesha, kwa sababu msimamizi asiyelipwa anajilipa mwenyewe.

Kila baada ya miezi mitatu omba video ya nyumba nzima, akianzia kwenye tenki na kumalizia chooni. Na uwe na namba ya mpangaji mmoja wa siku nyingi, ambaye unampigia kumsalimia tu. Mpangaji wangu wa namna hiyo ndiye aliyeniambia kwamba chumba namba nne, ambacho kwenye hesabu nilizoletewa kilikuwa kitupu tangu Oktoba, kinaanika nguo kila Jumamosi.